Dawa za viroboto na kupe: ipi ya kununua kwanza kwa mbwa, ipi kwa paka

Kabla ya kuuliza bei, geuza pakiti usome mambo matatu: jina la kiambato, aina ya mnyama na uzito wake kwa kilo. Picha ya mbele haikusaidii kitu. Kampuni moja hutengeneza dawa ya mbwa na ya paka kwa boksi zinazofanana, na kuzichanganya kunaweza kuua. Matone mengi ya mbwa yana permethrini, ambayo ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja. Paka aliyepakwa huanza kutetemeka ndani ya saa chache, kisha hupata kifafa. Usimpimie paka nusu ya dozi ya mbwa. Hata kiasi kidogo ni sumu kwake. Ikishatokea, muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, umkimbize kwa daktari wa mifugo. Na kama nyumbani wapo wote wawili, mbwa aliyepakwa permethrini asilale na paka kwa siku tatu hivi.

Kwa mbwa, nafasi ya kwanza ni vidonge vya kutafuna: afoksolaneri (NexGard), sarolaneri (Simparica), lotilaneri (Credelio) au fluralaneri (Bravecto). Dawa huingia kwenye damu, kwa hiyo mbwa anaweza kuoga au kunyeshewa bila dawa kupungua. Vitatu vya kwanza hukaa mwezi. Fluralaneri hukaa wiki 12, ingawa kwa baadhi ya aina za kupe ni wiki 8 tu. Lotilaneri na fluralaneri mpe pamoja na chakula, maana tumbo tupu halizifyonzi vizuri. Utaendelea kuona kupe wakimpanda, kwa sababu lazima waume ndipo wafe. Hilo si kosa la dawa. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe kabla ya kuzungumza na daktari: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba kundi hili linaweza kuleta mitetemeko na kifafa kwa baadhi ya wanyama.

Kwa paka, anza na matone ya shingoni, ambayo kwa mbwa nayaweka nafasi ya pili. Hapa watu huharibu dawa nzuri kwa upakaji mbaya. Tenganisha manyoya nyuma ya shingo, karibu na fuvu, mpaka uone ngozi, kisha minya kichupa chote hapo. Dawa ikiishia juu ya manyoya, paka atailamba na kutokwa na povu. Fipronili husambaa kwa mafuta ya ngozi, na shampuu huyaondoa mafuta hayo, kwa hiyo usimuogeshe mnyama siku mbili kabla na siku mbili baada. Fipronili huua viroboto na kupe. Imidaklopridi peke yake ni ya viroboto tu, kwa hiyo ukiwa na shida ya kupe utakuwa umenunua dawa isiyokufaa. Selamektini inafaa paka mwenye viroboto pamoja na utitiri wa masikio. Unafuga sungura? Fipronili isimguse, humuua.

Kola ni ya tatu, lakini namaanisha kola yenye imidaklopridi na flumethrini (Seresto), inayodumu hadi miezi 8. Iguse ngozi, ibaki nafasi ya vidole viwili, na ncha inayozidi ikatwe asije akaitafuna. Kuogeshwa mara kwa mara hufupisha muda wake. Kola za bei ya chini zenye harufu ya mafuta ya mimea ni pambo.

Dawa ya kuogeshea ya amitrazi ni rahisi kwa bei na ni kali kwa kupe, ila kwa viroboto ni dhaifu. Pima kwa bomba la sindano kama lebo ya mbwa inavyosema, vaa glavu, changanya unayotumia siku hiyo tu, na mwache mnyama akauke bila kumsuuza wala kumwacha ajilambe. Kukisia kipimo kutoka chupa ya kuogeshea ng'ombe ndiko kunakoleta mbwa aliyelegea na kusinzia siku nzima. Usiitumie kwa paka, mbwa mwenye kisukari, wala mtoto wa mbwa wa chini ya miezi minne.

Shampuu ya viroboto huua waliopo leo, tena ikiachwa mwilini dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Kesho wengine wanapanda. Unga ni wa mwisho kabisa: unavutwa puani na kulambwa. Kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu, na mafuta ya taa huunguza ngozi, kwa hiyo hivyo hata havimo kwenye orodha.

Ukinunua, nunua dozi za miezi mitatu mfululizo, kwa wanyama wote wa nyumba. Kiroboto jike hutaga mayai hadi 50 kwa siku, nayo hudondoka kwenye zulia na matandiko. Mabuu hujifungia kwenye vifukofuko ambavyo dawa haipenyi, na hukaa humo wiki au miezi kabla ya kutoka. Ndiyo maana viroboto huonekana wiki mbili baada ya dozi, na watu hudai wameuziwa dawa bandia. Fua matandiko kwa maji ya nyuzi 60, fagia chini ya fanicha kila siku chache.

Kwa watoto wa mbwa na paka wa chini ya wiki 8, dawa nyingi hapo juu hazifai. Fipronili ya kupuliza ndiyo iliyoruhusiwa tangu siku ya pili ya maisha. Ukiikosa, tumia kitana chenye meno yaliyobanana, na viroboto unaowanasa uwatumbukize kwenye maji ya sabuni.