Uzoefu wangu wa kumtafuta mtu aliyekamatwa kupitia rekodi za wazi za jela za kaunti, Kentucky

Mimi ni Mtanzania, mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza katika jimbo la Kentucky, na kwa kuwa namba yangu ya simu imeenea katika nyumba za kupanga wanakoishi ndugu zetu Wakongo, nimekwisha kuamshwa usiku mara tatu na mzazi anayetaka kujua jambo moja tu, yaani mtoto wake amepelekwa wapi. Ninachoeleza hapa ni njia nilizotumia kulijibu swali hilo, nyingi zikiwa za bure na moja ya kulipia, ambayo ninaijutia hadi leo.

Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa. Mama mmoja mzaliwa wa Uvira, Kongo, alinipigia saa tano kasoro usiku, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Kaka, mutoto balimukamata ku barabara." Mtoto mwenyewe ni kijana wa miaka 23, aliyesimamishwa na polisi mnamo saa nne na dakika kumi akitoka kazini na mwenzake, na mwenzake huyo ndiye aliyeleta habari nyumbani. Hakujua ni polisi wa wapi, wala hakuuliza.

Nilianza na tovuti ya jela ya kaunti yetu, kwenye ukurasa wa orodha ya waliomo ndani, na sikumpata. Kosa lilikuwa langu. Kentucky ina kaunti 120, na tofauti na majimbo mengi ya Marekani ambako jela huwa chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, hapa wananchi wa karibu kila kaunti humchagua mkuu wa jela kwa kura. Hata hivyo, kuwa na mkuu wa jela si kuwa na jela. Kaunti nyingi ndogo zilikwisha kufunga majengo yao na huilipa kaunti jirani iwatunzie watu wao, hivyo mtu anaweza kukamatwa katika kaunti moja, kesi yake ikasikilizwa huko huko, naye akalala katika kaunti nyingine kabisa. Nilipomuuliza yule mwenzake ni kituo gani cha mafuta walichokuwa wamekipita, niligundua kwamba walikuwa wamevuka mpaka wa kaunti kwa maili chache, na kwamba kaunti waliyoingia haina jela. Nikaipigia simu namba ya kawaida ya ofisi ya sherifu wa huko, si namba ya dharura, nikauliza swali moja: "Watu wenu mnawapeleka jela gani?" Nilijibiwa kwa sentensi moja. Tangu siku hiyo ninaanza na swali hilo kabla ya kufungua tovuti yoyote.

Tovuti ya jela niliyotajiwa nayo ilinirudishia ukurasa mtupu, na hapa ndipo wasomaji wa Kiswahili wanapopaswa kuwa makini kuliko wengine, kwa sababu mashine hizi hazikutengenezwa kwa majina yetu. Kijana ana majina matatu, na hakuna hata moja ambalo kwao ni la ukoo. Karatasi zake za ukimbizi zilichukua jina la mwisho zikalifanya la ukoo, leseni yake ya mazoezi ya udereva ikachukua la kati, na askari wa mapokezi usiku ule aliandika alichosikia. Nimeona watu wenye jina moja tu ambao mbele yao pamewekwa herufi FNU, maana yake jina la kwanza halijulikani, na jamaa zao wakaapa kwamba huyo si mtu wao. Nimeona pia majina kama Ng'ang'a yakipoteza alama zake zote mbili na kubaki neno ambalo Mkikuyu mwenyewe asingelitambua. Tarehe ya kuzaliwa haisaidii sana, kwani wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari, na ukitafuta kwa siku hiyo utaletewa nusu ya mtaa.

Dawa niliyoipata ni kuandika kidogo badala ya kingi. Niliweka herufi tatu za mwanzo za kila jina lake, moja baada ya jingine, katika nafasi ya jina la ukoo, na nafasi nyingine zote nikaziacha wazi. Jaribio la pili lilimleta. Jina la kati lilikuwa limekuwa la ukoo, na herufi "u" ya mwisho imegeuka "o". Picha ilikuwa yake, ingawa amekodoa macho kama mtu aliyeamshwa ghafla.

Rekodi yenyewe ni fupi na inafaa kusomwa taratibu. Ilikuwa na namba ya usajili, urefu na uzito, idara iliyomkamata, tarehe na saa ya kuingizwa, mashtaka na kiasi cha dhamana. Saa ilinitia wasiwasi kidogo, kwa kuwa iliandikwa 21:52, yaani kabla ya muda ambao mwenzake alisema walisimamishwa. Kisha nikakumbuka kwamba mstari wa majira unaikata Kentucky katikati, na jela ile iko upande wa magharibi, nyuma yetu kwa saa moja. Ninalitaja jambo hili kwa sababu nilikuwa karibu kumwambia mama kwamba huenda huyu ni mtu mwingine.

Mashtaka yalikuwa mawili. Mstari wa kwanza ulisema hati ya kukamatwa kwa kutofika mahakamani, dhamana dola 250 taslimu. Wa pili ulisema kuendesha gari bila leseni, dhamana 0.00. Mama alishusha pumzi akasema basi ni dola 250 tu, tunazo. Sikumruhusu afurahi mapema. Sifuri katika rekodi hizi haina maana moja: inaweza kuwa mtu ataachiwa bila kulipa, inaweza kuwa hakimu hajapanga kiasi, na inaweza kuwa dhamana imekataliwa na karani hakujali kuandika. Tovuti haikutoa maelezo yoyote, na hii ndiyo kasoro yake kubwa machoni pangu, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa usiku wa manane husoma sifuri kama habari njema. Nilipiga simu jela, nikataja namba ya usajili badala ya kuhangaika kutamka jina, na askari akanijibu kwa upole kabisa kwamba hakimu bado. Hapa ofisa wa mahakama huwahoji waliokamatwa ndani ya saa 24 na kupeleka taarifa zao kwa hakimu, hivyo tulipaswa kusubiri asubuhi.

Kuhusu dhamana, ndugu walioko Texas au Georgia walianza kututumia majina ya mawakala wa kuwekea watu dhamana. Kentucky ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1976. Fedha hulipwa mahakamani au jelani, na yeyote anayekupigia simu akijiita wakala wa dhamana wa jela ya Kentucky anataka kukuibia. Majina yanapoonekana wazi mtandaoni kwa kila mtu, matapeli nao wanayaona.

Sasa nije kwenye tovuti ya kulipia, ambayo sitaitaja jina. Mara ya kwanza kabisa nilipoombwa msaada wa namna hii niliandika maneno ya kutafuta rekodi za kukamatwa, na matokeo ya juu yalikuwa ya kampuni iliyoniahidi ripoti kamili kwa dola 1. Mshale ulizunguka karibu dakika nne, ukinitangazia kwamba umepata "taarifa nyeti" na kuniuliza kama niko tayari kuziona. Ripoti ilipofunguka ilikuwa na anwani mbili za zamani, jina la jirani ambaye hatumfahamu, na faini ya barabarani ya mtu mwingine wa jimbo jingine mwenye jina linalofanana. Kuhusu usiku ule hapakuwa na neno hata moja, na lisingekuwapo, kwa sababu kampuni hizi hununua na kunakili kumbukumbu za zamani. Siku chache baadaye nilikatwa dola 29 na ushee za uanachama wa mwezi, na nililazimika kupiga simu mara mbili ili kujiondoa. Chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo, waliandika kwamba wao si wakala wa taarifa za watumiaji kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, na kwamba ripoti yao isitumiwe kuamua ajira au upangaji wa nyumba. Mwajiri mvivu haisomi sentensi hiyo. Kuna pia tovuti zinazokusanya picha za waliokamatwa, na zamani baadhi zilidai fedha ili kuziondoa; Kentucky ilitunga sheria dhidi ya biashara hiyo mwaka 2016, lakini picha ikishanakiliwa na watu wa nje ya jimbo, kuifukuzia ni kazi ya kuchosha. Rekodi ya kukamatwa haisemi kwamba mtu ana hatia, wala hata kwamba mwendesha mashtaka ameamua kuendelea na kesi. Inasema aliingizwa jela saa fulani, basi.

Huduma ninayoipa alama za juu ni VINE, inayokuarifu mtu anapotoka jela, ambayo ni ya bure na ilizaliwa humu humu Kentucky. Desemba 1993, Mary Byron aliuawa Louisville siku aliyotimiza miaka 21 na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake zamani, ambaye alikuwa amefungwa kwa kumbaka, akaachiwa kwa dhamana bila familia ya msichana kuarifiwa. Mwaka 1994 kaunti ya Jefferson, ulipo mji huo, ikaanzisha mfumo wa kumpigia simu aliyetendewa uhalifu kila mshtakiwa anapotoka au kuhamishwa, na baadaye mfumo ukaenea katika majimbo mengi. Lengo lake la asili ni kuwalinda waathirika, na ninaona ni vyema tulikumbuke hilo tunapoutumia kwa haja zetu. Hata hivyo ndugu wa mfungwa pia anaruhusiwa kujiandikisha, na nilifanya hivyo usiku ule kwa kuweka namba yangu na nywila ya tarakimu nne.

Kabla ya kulipa dhamana, nilimuuliza askari swali jingine ambalo sikulijua mara ya kwanza: je, kuna zuio la uhamiaji? Likiwapo, jela inaweza kuombwa imshikilie mtu hadi saa 48 baada ya kustahili kuachiwa, ili maofisa wa uhamiaji waje kumchukua, na familia inaweza kulipa fedha halafu isimwone mtu wake mlangoni. Kijana huyu hakuwa nalo. Katika tukio langu la pili lilikuwapo, na jina likatoweka katika orodha ya jela bila maelezo. Ilitubidi tuhamie kwenye mfumo wa mtandaoni wa idara ya uhamiaji, ambao hutaka namba ya mgeni yenye tarakimu tisa pamoja na nchi ya kuzaliwa. Ukikosea nchi hupati kitu. Mtu tuliyekuwa tukimtafuta alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa wazazi Wakongo. Tuliandika Kongo tukakosa, tukaandika Tanzania tukampata. Kwa raia wa Tanzania ninaongeza kwamba nchi yetu imo katika orodha ya zile ambazo ubalozi wake lazima uarifiwe raia wake akikamatwa Marekani, atake asitake, ilhali Mkenya huulizwa kwanza.

Nakala ya hati ya polisi niliiomba baadaye kwa maandishi, chini ya sheria ya rekodi za wazi ya jimbo. Ofisi ina siku tano za kazi kujibu, na tangu mwaka 2021 mwombaji anapaswa kuwa mkazi wa Kentucky. Nilijibiwa siku ya nne. Hati ilionyesha kilichotokea: barua ya mahakama ya miezi mitano nyuma ilikuwa imetumwa kwenye nyumba ambayo familia ilikwisha kuhama.

Jumamosi saa nne asubuhi mstari wa pili ulibadilika: hakimu amemwachia shtaka hilo kwa ahadi yake ya kufika mahakamani. Tulilipa dola 250, tukapewa stakabadhi, tukakaa kwenye benchi la chuma hadi saa nane mchana. Alitoka na mfuko wa plastiki wenye mkanda, pochi na simu iliyozimika. Mama yake hakusema neno, alimpangusa tu uso kwa ncha ya kitenge chake. Nilikuwa ninafungua mlango wa gari simu yangu ilipoita, na sauti ya mashine ikaanza kuniarifu, pole pole, kwamba mtu niliyejiandikisha kumfuatilia ameachiwa. VINE hurudia kupiga usipoingiza nywila yako, na yangu nilikuwa nimeiandika nyuma ya bahasha iliyobaki mezani nyumbani. Iliita mara tatu zaidi njiani, yule kijana akiwa kiti cha nyuma, anaingiza kamba za viatu alizorudishiwa.