Kifaa cha kutoa kizibo kilichozama chupani: yaliyonipata Nakuru

Nianze na uamuzi ili mwenye haraka aende zake: msinunue. Angalau msinunue kile chenye nyaya tatu na kishikio cha mbao kinachouzwa katika duka moja la vyombo vya jikoni hapa Nakuru mjini, si mbali na Kenyatta Avenue. Duka silitaji. Atakayeingia humo atalitambua kwa kijana wa kaunta, na habari za huyo zinakuja.

Najua wapo watakaouliza mwanamke wa umri wangu anatafuta nini na kifaa cha walevi. Mimi sinywi. Nauza asali. Naletewa kutoka Baringo, naichuja, naifungasha, nauzia watu wa hapa na wasafiri. Wenzangu wa barabara ya Marigat huiuza yao katika chupa za pombe za kila umbo na sina neno nao, ila wateja wangu wengi wanaitaka ya zawadi, ya kumpelekea mama mkwe, na hapo chupa ya mvinyo ya kioo cheupe haina mpinzani. Ni ndefu, nzito mkononi, na asali ikikaa humo rangi yake inajiuza yenyewe. Tena ile ya mililita 750 hubeba kilo moja ya asali na ushei kidogo, maana asali ni nzito kuliko maji, kwa hiyo sihitaji kubishana na mtu juu ya mizani.

Chupa nazipata kwa wahudumu wa hoteli na wapishi wa harusi. Hapo ndipo balaa linapoanza. Mhudumu asiye na kizibuo, au aliyekatia kizibo katikati, hana subira. Anachukua mpini wa mwiko, anakisukuma kizibo ndani, mvinyo unamiminwa, bwana harusi anashangiliwa, na mimi naletewa chupa yenye kizibo kinachocheza humo ndani. Kuna kasisi mmoja wa Uingereza, Samuel Henshall, aliyepewa hataza ya kizibuo chake cha skrubu mwaka 1795. Ni zaidi ya miaka mia mbili sasa, na sisi bado ni mwiko. Haya.

Chupa yenye kizibo ndani haiwekwi asali. Brashi haipiti vizuri, na maji ya kuoshea yanajificha chini ya kizibo na kwenye nyufa zake, uianike chupa juani mpaka uchoke. Asali nayo ni adui wa maji. Viwango vya kimataifa vinataka unyevu usiozidi asilimia 20. Ukipita hapo, hamira zilizolala ndani ya asali zinaamka na asali inachacha. Mteja akifungua zawadi mbele ya wakwe ikatoa povu, umempoteza yeye, wakwe na kijiji kizima.

Kukitoa sasa. Kizibo cha kawaida hukatwa kikiwa na upana wa milimita 24 hivi, kisha mashine hukibana kiingie katika shingo isiyofika milimita 20. Kikishaangukia ndani kinarudia unene wake, na ndiyo maana hakitoki kwa kuombwa. Kizibuo hakikisaidii tena, kwa sababu ukikigusa kwa ncha kinazunguka na kukukimbia. Na mara nyingi ni gome la mti wa Ureno, mti ambao haukatwi bali unabambuliwa kila baada ya miaka 9, likavuka bahari lote hilo ili lije kuninyima usingizi mimi.

Kwa hiyo nilipokiona hicho kifaa rafuni, kitambo kidogo kabla ya mvua ndefu, nilifurahi waziwazi kama mtoto. Mchoro kwenye boksi ulikuwa umeeleweka kabisa: unazibana nyaya pamoja, unazipitisha shingoni, zikifika ndani zinatanuka, unainamisha chupa, kizibo kinaangukia katikati yake, unateremsha pete, nyaya zinakikumbatia, unavuta. Nililipa shilingi 650 kwa M-Pesa bila kuomba kupunguziwa. Wanaonijua hawataamini.

Na ukweli usemwe, chupa ya kwanza kilifanya kazi. Kizibo kilitoka na mlio mzuri hivi, nikamwita binti yangu kutoka jikoni aje aone, akaona, akasema "enhe," akarudi kwa chapati zake. Kwa dakika chache hizo ningewaandikia sifa tupu hapa.

Chupa iliyofuata, navuta, kizibo kimeshaingia shingoni, kimefika karibu nusu, nikasikia "tk". Waya mmoja umechomoka. Haukukatika, nieleweke: umechomoka kwenye kishikio, mzima mzima, ukateleza na kizibo hadi chini. Sasa chupa ina kizibo na waya. Nikatazama tundu ulikotoka nikakuta gundi kavu ya manjano. Gundi! Waya unaotakiwa kushindana na shingo ya kioo umeshikizwa kwa gundi, tena kidogo, ya kubandika karatasi za shule labda. Hizo nyaya mbili zilizobaki nazo ncha zake zilikuwa zimenyooka. Ni waya mlaini wa kufungia vyuma vya ujenzi, ule ambao fundi anaukunja kwa vidole akiongea na mwenzake. Waya wa kazi hii lazima urudi ulipokuwa ukiuachilia. Huu ukiupinda unakaa hapo hapo.

Bado sikuwa na hasira. Vitu huharibika. Hasira ilinisubiri dukani.

Nilikwenda na kila kitu: kifaa, boksi lake, ujumbe wa malipo kwenye simu, na chupa yenyewe ndani ya kikapu. Kijana wa kaunta alikuwa anatazama simu yake. Nikasalimia, kimya. Akaja mteja mwingine, mwanamume, akahudumiwa akaenda. Nikasalimia tena. Ndipo akainua macho.

"Sema, shosho."

Nina miaka hamsini na kitu. Mjukuu sina, na ningekuwa naye angekuwa amefundishwa kuitikia salamu. Kuna "mama" hapo, ingemgharimu nini? Hata "mathe" ningeimeza. Lakini nikasema moyoni, nimekuja kwa ajili ya shilingi 650, si kulea. Nikamweleza. Akakichukua kifaa kwa vidole viwili, akakigeuza, akakirudisha juu ya kaunta.

"Hii umevuta na nguvu."

Nikamuuliza kifaa cha kuvuta kinavutwa na nini, upole? Hakujibu. Akachungulia kikapu changu.

"Na hiyo chupa iko na nini ndani?"

"Haina kitu. Ni tupu, naisafisha."

Akacheka. Si kutabasamu, alicheka, akamgeukia mwenzake aliyekuwa anapanga sufuria: "Eti shosho anatoa kizibo kwa chupa imeisha!" Kisha kwangu: "Si uivunje tu? Kwani ni ya dhahabu? Enda Gioto utapata zingine za bure."

Kwa msomaji asiye wa hapa: Gioto ni jalala la Nakuru. Wako watu wanaoamkia huko kila siku kuokota na kulisha watoto wao, na siwadharau hata chembe. Yule kijana ndiye aliyewadharau, wao na mimi pamoja, kwa sentensi moja. Mteja ameleta bidhaa yako mbovu, unamtuma jalalani. Mbele ya watu. Mwenzake wa sufuria alicheka pia, ingawa alipoona uso wangu alijifanya anakohoa.

Nikaomba msimamizi. Akaja mwanamke nadhifu, wa rika langu, nikapata matumaini, nikajiambia sasa tutaelewana. Hakunisalimu. Alinyosha kidole ukutani, kwenye karatasi inayosema bidhaa ikishauzwa haipokewi tena. Nikamwambia karatasi yake haiko juu ya Katiba. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na kuna sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda watumiaji wa bidhaa. Akaniuliza kama mimi ni wakili. Nikasema hapana, mimi nauza asali, na ikichacha nairudisha pesa ya mtu bila karatasi ukutani. Akasema, basi kwa sababu ni mimi, nikinunua kingine atanipunguzia shilingi hamsini.

Kingine! Cha gundi ile ile!

Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, tuna hati na kila kitu. Kijijini kwetu mwenye duka lenye rafu mbili angekuitikia salamu kwanza, akuulize watoto, ndipo akunyime pesa yako. Nilitoka na kikapu changu, na hadi leo nikipita ule mtaa navuka barabara.

Sasa nipoe kidogo, maana nimesema msinunue na kuna mtu atauliza, je, afanyeje. Binti yangu ndiye aliyenionyesha njia ya kitambaa. Huko nje wanatumia mfuko mwembamba wa plastiki: wanausokota kuuingiza, wanapuliza hewa uvimbe, unakibana kizibo, wanavuta vyote kwa pamoja. Kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017 na sitafuti kesi kwa ajili ya kizibo. Yeye alichukua kipande cha leso kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika, akaingiza pembe moja ndani ya chupa, akaipindua kichwa chini hadi kizibo kikalalia mkunjo wa leso kwa urefu wake, akavuta pole pole. Kilitoka. Bure. Unaweza kufikiria nilivyojisikia nikikumbuka zile 650.

Lakini nisije nikawadanganya. Leso inataka kizibo kizima. Kile kilichovunjwa na kizibuo, nusu imetoka nusu imezama, kinasagika kwenye kitambaa na kuacha punje chupani kote, na leso nayo inaacha nyuzi. Kwa asali inayoonekana kwenye kioo cheupe, uzi mmoja tu ni aibu. Na shingo nyembamba inahitaji mikono yenye nguvu kuliko yangu. Kwa vizibo kama hivyo nyaya ni bora, sina budi kukiri, kwa sababu zinakibana kikiwa kimesimama na hazikisugui sana. Kwa hiyo kifaa chenyewe, yaani wazo lake, ni zuri sana. Aliyelifikiria abarikiwe. Aliyelitia gundi alaaniwe.

Nilikipeleka kwa fundi wa juakali ninayemjua, wa baiskeli. Yeye alinisalimu. Alianza na ile chupa yenye waya ndani, ambayo nilikuwa nimeshaikatia tamaa. Akatoa sumaku ya spika iliyoharibika, akaigusisha ubavuni mwa chupa, waya ukaifuata kwa nje kama unaitwa, akaupandisha taratibu hadi shingoni akaudaka kwa koleo. Akaukunja kwa vidole viwili, akaniangalia, akautupa. Kisha akang'oa zile mbili zilizobaki, akatoboa kishikio upya, akaweka nyaya tatu za spoku za baiskeli, akazipinda ncha kwa moto, na badala ya gundi akapitisha pini ya chuma ubavuni kuzifunga zote kwa pamoja. Pete aliiacha ile ile, akasema hiyo haina makosa. Alinitoza shilingi mia mbili na kikombe kidogo cha asali kwa ajili ya kifua cha mtoto wake, wa miaka minne. Ni chini ya mwaka mmoja tu asali isitolewe, nikamweleza hivyo.

Kifaa hicho sasa nakitumia. Kinatoa vizibo vizima, vya nusu, hata vile vya plastiki ambavyo leso inatelezea juu yake. Kwa hiyo kuna kipimo ambacho kwacho ningesema nunueni, na nilikuwa nimefika hatua ya kufuta ile sentensi ya kwanza huko juu. Nikakumbuka Gioto. Sentensi inabaki.

Nyota nilitaka kutoa tatu: moja ya wazo, moja ya pete, moja ya mlio wa chupa ya kwanza. Ya pete naichukua tena, kwa niaba ya watu wa Gioto. Ya mlio pia, kwa sababu ya zile shilingi hamsini za msimamizi. Imebaki moja, na hiyo ni ya aliyewaza kifaa; duka lisijipe.

Nyongeza: binti yangu amepita huko juzijuzi, anasema vile vifaa vimesogezwa karibu na mlango na bei imeshuka hadi 400. Hata kwa mia nne, hapana. Vikifika mia mbili, mpeni kijana wa sufuria pesa mkononi, si yule wa kaunta, mchukue kishikio na pete, nyaya mwachieni juu ya meza. Kishikio chenyewe ni mbao nzuri, na spoku fundi anazo.