Ushirika wa umeme: tubaki kwenye mkataba au tutoke?

Ukigombea bodi ya ushirika wa umeme vijijini Marekani, ambako kila mwanachama ana kura moja, na ukaahidi umeme wa jua wa bei nafuu, utakutana na swali hili mapema.

Kubaki na muuzaji wa jumla, yule anayeuuzia ushirika umeme kwa mkataba, hakushtui bili. Lakini mkataba wa Tri-State, mmoja wa wauzaji hao, uliruhusu vyama vilivyo chini yake kujizalishia asilimia 5 tu. Uliobaki vinunue kwake, wa makaa ya mawe ukiwemo. Ukishaifikia hiyo 5, ahadi zako za kampeni zimekwama.

Kutoka kuna bei yake. Kit Carson, ushirika wa Taos, New Mexico, ulitoka Tri-State mwaka 2016 kwa kulipa dola milioni 37. Muuzaji mpya, Guzman Energy, ndiye aliyezitanguliza, ushirika ukawa unazirudisha kidogo kidogo ndani ya bei ya umeme. Kufikia 2022 deni lilikuwa limekwisha, na sola ilitosha mahitaji ya mchana wa jua kali. Usiku? Bado wananunua, na mgombea asiyesema hivyo anawalaghai majirani zake.

Mimi ningetoka. Ila kwanza ningeuliza mkataba unaisha lini: kama ni mwakani, mamilioni yote hayo ya nini?