Betri mbadala za LP-E6 kwenye Canon 60D: zinafaa wapi, zinaangusha wapi

Seti yenyewe ni betri mbili za umbo la LP-E6, betri ya Canon inayotumiwa na 60D, pamoja na chaja ya USB inayochaji zote mbili kwa pamoja. Si za Canon, ni za moja ya kampuni nyingi zinazotengeneza betri mbadala. Nazitumia kwenye EOS 60D, kamera ya mwaka 2010 ambayo bado inapiga harusi na semina vizuri tu, nikizipokeza na betri orijino. Nimezipa nyota tatu kati ya tano. Ila kabla ya betri inabidi tuiangalie kamera, maana betri nyingi zinanunuliwa kutibu ugonjwa usio wa betri.

Kamera ikigoma kuwaka kabisa, anza na vifuniko. 60D haifanyi kazi kama kifuniko cha betri au cha kadi hakijafunga sawasawa. Kile cha betri kina kiulimi kidogo cha plastiki kinachobonyeza swichi iliyo ndani, na kiulimi kikivunjika, hata betri iliyojaa pomoni haitasaidia. Kupima ni rahisi: weka betri mpaka kile kibano cha ndani kiishike, acha mlango wazi, washa kamera, kisha bonyeza ile swichi ndogo kwa kijiti cha meno. Kijiti cha mbao, usipeleke chuma humo. Ikiwaka, unachohitaji ni mlango mpya, na kwenye 60D mlango huo unatoka kwa mkono kwa sababu uliundwa uondolewe ili gripu ya BG-E9, ule mshikio wa ziada wa betri unaofungwa chini ya kamera, ipate nafasi.

Mlango ukiwa mzima, zima kamera, toa betri, lenzi na kadi, rudisha betri peke yake, washa tena; ikiwaka, rudisha kimoja kimoja. Ikiwaka bila lenzi, mlaji au msumbufu ni lenzi: ama sehemu zake za mguso ni chafu (mara nyingi utaona Err 01, yaani kamera na lenzi haziwasiliani), ama mota yake imekwama na inavuta umeme kuliko kawaida. Ikiwaka bila kadi, jaribu kadi nyingine kabla hujafika kwa fundi.

Sehemu za mguso za betri zinastahili uangalifu, hasa kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa ya chumvi inazila taratibu. Dalili yake ni kamera kuzima ukiitikisa au ukiibana upande wa mshikio, halafu inawaka yenyewe. Safisha kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, upande wa betri na upande wa kamera, uache ikauke kabisa. Ufutio wa penseli unaruhusiwa kwenye betri peke yake, kwa sababu vumbi lake likiingia kwenye kamera ni kesi nyingine. Msasa marufuku: unaondoa tabaka la juu linalozuia kutu, na baada ya wiki chache utakuwa pabaya kuliko ulipoanzia.

Sasa betri. Maandishi ya uwezo kwenye ganda yasikubabaishe. LP-E6 ya Canon ni volti 7.2 na mAh 1800 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa), iliyofuata ya LP-E6N ni 1865, na LP-E6NH ni 2130. Zote tatu zina umbo lile lile na zinaingia kwenye 60D. Ukiona betri ya bei nafuu imeandikwa 2600 au zaidi ndani ya ganda hilo hilo, jiulize seli hizo zimetoka wapi. Zangu kwa matumizi zinaisha mapema kuliko orijino, ingawa maandishi yake yanajigamba kuizidi. Mizani ya jikoni inasaidia kidogo: orijino ya LP-E6 ina uzito wa gramu 80 hivi, na betri nyepesi sana ujue ndani kuna seli ndogo.

Nyota ya kwanza niliiondoa kwa sababu ya asilimia. Betri orijino ina chipu inayozungumza na kamera. Kwenye menyu ya taarifa za betri unapata asilimia iliyobaki, idadi ya picha ulizopiga tangu uichaji, na hali ya afya kwa vibonge vitatu: vitatu vya kijani ni nzima, viwili vya kijani imeanza kuchoka, kimoja chekundu tafuta nyingine. Za kwangu zinatambuliwa na kamera, lakini hesabu yake ni ya kubahatisha. Inakaa juu ya asilimia 60 kwa muda mrefu, kisha inaporomoka hadi alama nyekundu ndani ya picha chache. Katikati ya ibada ya ndoa hilo si jambo la kuchekea. Nyingine za sokoni hazitambuliwi kabisa, kamera inakuuliza kama uendelee nazo; ukikubali zinafanya kazi, ila bila asilimia.

Kupima kwa multimita bila mzigo kunadanganya vilevile. Betri hii ni seli mbili za lithiamu zilizounganishwa mfululizo, kwa hiyo ikijaa inasoma karibu volti 8.4. Betri iliyochoka nayo inaweza kusoma 8 ikiwa mezani, kisha ikaanguka mara tu kamera inapodai umeme mwingi. Kipimo cha kweli ni mzigo: washa kuangalia kwa skrini, inua flashi ya juu, piga picha mfululizo. Ikizima ikiwa bado inaonyesha nusu, na orijino ikapewa mzigo huo huo isizime, basi seli za ile ya kwanza zimekwisha. Kumbuka pia skrini ni mlaji mkubwa: Canon wenyewe wanakadiria picha 1100 ukitumia kitazamio, kile kijidirisha cha jicho, nusu yake zikiwa za flashi, na 320 tu kwa skrini.

Nyota ya pili imekwenda na chaja. Inataka umeme wa 5V 2A, lakini haiji na adapta. Ukiichomeka kwenye kichwa cha simu cha 1A, unapata wati 5, na baada ya upotevu labda 4. Betri ya LP-E6 ina nishati ya takriban Wh (wati-saa) 13, kwa hiyo hesabu ni saa tatu na ushee kwa moja, sita au saba kwa mbili. Chaja ya ukutani ya Canon inajaza moja kwa saa 2 na nusu, tena taa yake inasema ukweli: inawaka mara moja kwa sekunde chini ya asilimia 50, mara mbili kati ya 50 na 74, mara tatu kuanzia 75, kisha kijani ikijaa. Ikimetameta haraka haraka, imesitisha kwa kujilinda. Itoe, ipoe kama ilitoka kwenye gari lililoegeshwa juani, irudishe. Ikirudia, betri hiyo iache. Iliyovimba usiiingize kwenye kamera hata kwa kujaribu, itanasa humo.

Kuna malalamiko kwamba betri inaisha usiku kamera ikiwa imezimwa. Chaji ijae, iweke kwenye kamera isiyo na gripu, swichi iwe OFF, ilale siku mbili. Ikishuka kidogo tu, na huwa unafunga gripu, mwizi huenda ni gripu. Ikiisha, rudia na betri nyingine iliyo nzima; hiyo nayo ikiisha, huenda kuna kitu kwenye bodi kinavuja umeme, na hapo betri mpya ni kutupa pesa.

Video ikikatika yenyewe kila dakika kama 12 kwenye ubora wa juu, betri haihusiki: faili limefika 4 GB, na 60D inasimama hapo.

Kama akiba mfukoni nitazinunua tena. Kwa tukio lisilorudiwa naanza na orijino, ya nafuu inaingia wakati wa chakula. Na kwa kamera inayokaa juu ya stendi saa nyingi karibu na soketi, betri zote mbili ni usumbufu: adapta ya ACK-E6 yenye betri bandia ya DR-E6 inapitisha waya kwenye kijitundu cha pembeni mwa mlango, mlango ukafungwa kama kawaida.