Pampu ya upepo ya volti 12: nimekaa nayo mwezi mzima Mbeya

Habarini wapendwa. Niko nyumbani Uyole, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba huu, mnaona mvuke unavyonitoka mdomoni. Nimeamka mapema makusudi. Gari imelala, tairi hazijapata moto. Ukipima umetoka kuzunguka mjini, namba itakudanganya.

Pampu yenyewe hii hapa, unachomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Nimeinunua Mwanjelwa. Waya unafika tairi zote nne, hapo naisifu kwa moyo wote. Mdomo wake ni wa kuzungusha, na ukiufungua taratibu, psssss, upepo uliojaza unakimbia. Fungua kwa haraka.

Gari yangu inataka PSI 32, PSI ndiyo kipimo cha msukumo wa upepo. Imeandikwa kwenye kibandiko, nguzo ya mlango wa dereva. Ile namba ya ubavuni mwa tairi msiifuate jamani, ule ni mwisho wa tairi kustahimili.

Sasa tazameni. Tairi tatu zinasoma 29. Hizo sina wasiwasi nazo: joto likishuka nyuzi 5 au 6, PSI 1 hivi inaondoka. Nilijaza mchana kwenye jua, usiku baridi yetu mnaijua. Lakini hii ya mbele kulia ina 26. Wenzake wameshuka pamoja, yeye kawapita. Huyu anavuja.

Nawasha injini, nabonyeza. Kelele anazo! Dakika mbili na kidogo, imefika 32, imejizima yenyewe. Vizuri. Ila naweka geji yangu ya mkono, kile kidude cha kupimia upepo… 30. Mwezi mzima imekuwa hivyo, inajipa 2 za bure. Hiyo ndiyo dosari yake kubwa, maana mtu asiye na geji ya pembeni ataendesha tairi laini akijua imejaa. Mimi naiwekea 34.

Na kujaza siyo kutibu. Mwaka jana nilikuwa na tairi ya namna hii, kila asubuhi najaza, wiki mbili. Nikaondoka kwenda Makambako. Nilipofika Igawa usukani unavuta upande mmoja. Fundi pancha alipoivua, unga mweusi wa mpira ukamwagika chini. Tairi ikiwa laini inajikunjakunja, inapata moto, ubavu unasagika kwa ndani. Haikuwa ya kuziba tena, nikanunua nyingine.

Kwa hiyo nina maji ya sabuni hapa. Napaka kwenye kashata, hapa tairi inapogusa barabara, kimya. Ukingo wa rimu, kimya. Valvu, hapa pa kujazia upepo… sogeza kamera. Mnaviona? Vipovu vidogo, kimoja kimoja, vinatokea shingoni, mpira umepasuka.

Pampu nunueni, mkiwa na geji ya mkono. Mimi hii naipeleka kwa fundi sasa hivi, abadilishe valvu kabla sijaenda popote.