Vyombo vya Kuhifadhia Chakula: Kipi Kinunuliwe Kwanza na Kipi Kiachwe Dukani

Mnunuzi wa vyombo vya kuhifadhia chakula huanza kwa kujiuliza kama achukue vya kioo au vya plastiki. Swali hilo ni la haki, lakini halistahili kuwa la kwanza, kwa sababu vyombo vingi huachwa kutumika vikiwa bado vizima: kifuniko kimepinda, kibano kimekatika, au bakuli ni refu mno hata chakula cha jana kikachacha katikati ilhali juu kilikuwa baridi. Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu umezingatia kwanza kifuniko na umbo, kisha ndipo ukatazama chombo kimetengenezwa kwa kitu gani.

Umbo linahusu usalama moja kwa moja. Bakteria huzaliana kwa kasi katika chakula chenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na ndiyo sababu inashauriwa chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu kwa zaidi ya saa 2. Maharage ya moto yakijazwa katika chombo kirefu na kuingizwa kwenye jokofu, yale ya katikati yanaweza kubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, kwa kuwa baridi hupenya polepole kutoka pembeni. Wali unahitaji uangalifu zaidi, kwani mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na sumu inayotengenezwa wali ukikaa na joto haiondoki kwa kupashwa moto tena. Chagua basi chombo cha bapa, ambamo chakula hakitazidi kina cha sentimita 5 hivi. Chenye pembe nne ni bora kuliko cha mviringo, kwa sababu hupangika bila kuacha mapengo.

Kuhusu kifuniko, tafuta chenye vibano pande zote nne na mpira wa silikoni unaotoka. Neno hilo la mwisho ndilo la muhimu, nalo wauzaji hulitaja mara chache. Chukua kifuniko kilichotumika miezi michache, chomoa mpira wake kwa kijiti cha meno, na aghalabu utakuta ndani ya mfereji mstari wa utelezi mweusi au wa kijivu: ni mabaki ya mchuzi na maji ya kuoshea yaliyoota kuvu. Mpira uliogundishwa moja kwa moja hauoshwi kamwe, hata ukionekana safi kwa nje. Ukiwa dukani, funga vibano vyote kisha bonyeza katikati ya kifuniko kwa kidole gumba na usikilize. Upepo ukipenya kwa sauti, mchuzi nao utapenya. Tazama pia bawaba za vibano. Zilizo nyembamba kama karatasi hukatika mapema, na kifuniko chenye kibano kimoja kilichokatika hakifungi tena.

Nafasi ya kwanza naipa kioo chenye kifuniko cha aina hiyo. Kioo hakinyonyi harufu wala rangi, hakichubuki kwa urahisi, hupashwa moto katika mikrowevu, na humwonyesha mwenye nyumba kilichomo ndani, jambo linalochangia sana chakula kuliwa kabla hakijaharibika. Mboga zilizokwisha kukatwa, zikikaa mbele ya macho katika chombo kinachoonyesha, huliwa. Zilizofichwa nyuma ya mlango wa droo huozea humo.

Hata hivyo, vioo havilingani. Kile cha borosiliketi, yaani kioo chenye boroni, ambacho asili yake ni kazi ya mtaalamu wa kioo Otto Schott nchini Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, hutanuka kwa joto takriban theluthi moja tu ya kioo cha kawaida, na kwa hiyo huvumilia zaidi mabadiliko ya ghafla ya joto. Kioo cha kawaida kilichoimarishwa kwa moto huhimili vyema zaidi kugongwa, ila hakipendi kutolewa kwenye baridi na kuingizwa kwenye oveni. Hata borosiliketi isipewe mtihani huo. Iache kwanza ipoe au iyeyuke barafu. Kifuniko chake kwa kawaida ni cha plastiki, kwa hiyo hakiingii kwenye oveni kabisa, na ndani ya mikrowevu kilegezwe ili mvuke upate njia. Ukigandisha supu, acha nafasi juu, kwa sababu maji yakiwa barafu huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na ongezeko hilo linatosha kupasua chombo kilichojazwa hadi ukingoni. Kasoro kubwa ya kioo ni uzito.

Kwa sababu ya uzito huo, nafasi ya pili inakwenda kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho wengi hukiita stenlesi. Kwa anayebeba chakula kazini au kumfungashia mtoto wa shule, hiki ndicho cha kwanza, wala sioni mshindani wake. Hakivunjiki, ni chepesi, na hupoza chakula upesi kwa kuwa chuma hupitisha joto vizuri kuliko kioo au plastiki. Tafuta alama ya 304 au 18/8, inayomaanisha kuwa kina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi. Hakitumiki katika mikrowevu, na hakionyeshi kilichomo, hivyo bandika juu yake kipande cha utepe wenye tarehe. Chakula kilichopikwa kinapaswa kuliwa ndani ya siku 3 hadi 4 katika jokofu lenye joto lisilozidi nyuzi 5.

Plastiki inashika nafasi ya tatu, tena kwa masharti. Geuza chombo utazame pembetatu iliyo chini yake: namba 5 ni polipropilini, ndiyo inayofaa zaidi kwa matumizi ya jikoni. Namba hiyo hutaja aina ya plastiki tu, haithibitishi usalama. Alama ya glasi na uma ndiyo inayoeleza kuwa chombo kimekusudiwa kugusana na chakula. Namba 7 ni kapu la mchanganyiko, na humo imo polikaboneti inayotengenezwa kwa BPA, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya uliizuia katika chupa za watoto wachanga mwaka 2011, kisha mwishoni mwa mwaka 2024 ukapitisha katazo pana zaidi kwa vitu vinavyogusana na chakula. Maandishi ya kwamba chombo hakina BPA ni mazuri, lakini hayasemi lolote kuhusu kemikali nyingine.

Plastiki nzuri itumie kwa unga, nafaka, matunda na vya kugandisha. Usipashie ndani yake chakula chenye mafuta mengi, kwa sababu mafuta hupata joto linalozidi lile la maji yanayochemka, na ndiyo yanayoacha yale madoa ya kukwaruza yaliyochimbika ukutani mwa bakuli. Mchuzi wa nyanya au wenye bizari ya manjano nao utaacha rangi isiyotoka. Bakuli lililokwisha kuchubuka ndani libadilishiwe kazi, lihifadhi vifungo au misumari.

Mifuko ya silikoni ni ya nne: inafaa kwenye friza, lakini pembe zake za ndani ni taabu kuosha, na harufu ya kitunguu haiiachi. Makopo ya siagi na aiskrimu yasihesabiwe kabisa kwa chakula cha moto, kwani yametengenezwa kwa kitu baridi. Alumini tupu isihifadhi nyanya, ndimu wala siki, maana asidi huila.

Mwisho ni idadi. Seti inayotangazwa kuwa na vipande 24 mara nyingi ni vyombo 12 na vifuniko 12, na nusu yake ni vidogo visivyotosha hata kipande cha limau. Ni afadhali kununua vyombo vitano au sita vya kipimo kimoja, cha takriban lita moja, pamoja na viwili vya nusu lita kwa sehemu ya mtu mmoja, ili kifuniko chochote kikubwa kiingie kwenye bakuli lolote kubwa. Kabla ya kulipa, uliza kama vifuniko na mipira huuzwa peke yake. Muuzaji akijibu kuwa havipatikani, tafuta seti nyingine.