Karakana ya Mwanjelwa inayopanga patisheni za SSD ipasavyo

Jijini Mbeya hakuna uhaba wa mafundi wa kutoa diski ya zamani na kufunga SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka. Ukianzia Kabwe hadi soko la Mwanjelwa utawapata wengi, na bei zao si mbaya. Karakana ninayoizungumzia, iliyo katika chumba kimoja nyuma ya soko hilo, inawazidi kwa jambo moja ambalo mteja hawezi kuliona kwa macho: kabla ya kukubali kazi yoyote ya SSD, fundi huangalia kwanza patisheni, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kuhifadhia data, inaanzia wapi kwenye diski.

Niliwapelekea kompyuta ya steshenari yangu, ambayo ilikwisha fungwa SSD kwingine lakini bado ilikuwa ikisita kila tulipohifadhi kazi za wateja, hasa printa ikiwa inachapa na programu ya mauzo imefunguliwa. Fundi hakusingizia virusi wala hakutaka kuniuzia RAM. Alifungua programu ndogo ya kupimia iitwayo AS SSD Benchmark, na pale juu kushoto, panapoonyeshwa mwanzo wa patisheni, palisomeka 31 K kwa maandishi mekundu, ilhali patisheni iliyopangwa vizuri kwa kawaida husomeka 1024 K kwa kijani. Kisha akaandika amri ya wmic partition get Name, StartingOffset, ikatoka namba 32256, yaani baiti ambako patisheni inaanzia. “Mama, hebu igawe mwenyewe kwa 4,096,” akaniambia huku akinisogezea kikokotoo. Jibu likawa 7.875.

Desimali hizo ndizo ugonjwa wenyewe. Windows XP na zilizoitangulia zilianzisha patisheni ya kwanza kwenye sekta (kipande kidogo cha diski) ya 63, kwa kufuata mpangilio wa zamani wa diski zilizohesabiwa sekta 63 kwa kila njia, yaani kila duara la diski, na kila sekta ikiwa na baiti 512. Kwa diski za zamani jambo hilo halikudhuru kitu. SSD, hata hivyo, huandika kwa kurasa, yaani mafungu ya data, za kilobaiti 4 (baiti 4,096), 8, 16 au zaidi, na ukurasa uliokwisha andikwa hauwezi kuandikwa tena mpaka bloku nzima yenye kurasa nyingi ifutwe. Patisheni ikianzia mahali pasipogawanyika sawasawa, fungu dogo la data ambalo lingetosha ndani ya ukurasa mmoja hukalia mipaka ya kurasa mbili, hivyo SSD hulazimika kusoma, kuunganisha na kuandika upya zaidi ya inavyohitajika, kasi ikashuka na chembe za kumbukumbu zikachakaa mapema.

Tangu Windows Vista patisheni huanzia baiti ya 1,048,576, yaani sekta ya 2048, namba ambayo hugawanyika bila baki. Kwa hiyo kompyuta iliyowekewa Windows 7 au 10 kwenye diski tupu haihitaji huduma hii, na fundi hulisema hilo waziwazi: nikiwa pale, kijana mmoja alileta laptopu yake, ikapimwa, ikakutwa sawa, akarudishiwa bila kudaiwa hata shilingi. Uaminifu wa namna hiyo nauthamini mno. Kompyuta yangu ilianza na XP, ikawekewa Windows 7 juu ya patisheni ileile, kisha ikahamishiwa kwenye SSD kwa kunakiliwa sekta kwa sekta, na kasoro ikahama nayo.

Kwa kuwa sikutaka kuweka kila kitu upya, alitumia GParted, programu ya kupangia patisheni, kutoka kwenye flashi, lakini si kabla ya kunakili mafaili yangu yote kwenye diski ya nje, sharti ambalo alikataa kabisa kulilegeza. Aliipunguza patisheni kidogo mwishoni ili kupata nafasi, akaisogeza mbele sekta 1,985 tu. Umbali ni mdogo, ila data yote huandikwa upya, na umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza kila kitu. Nilifarijika kuona kompyuta imeunganishwa kwenye UPS. Baada ya hapo Windows ilikataa kuwaka, kwa sababu kumbukumbu zake za kuwashia zilikuwa bado zinaitafuta patisheni mahali pa zamani. Alikuwa amenitahadharisha mapema, na akazirekebisha kwa flashi ya kuwekea Windows.

Sasa kuhifadhi mafaili madogo madogo hakusiti tena. Kufungua faili moja kubwa sioni tofauti ya maana, na nadhani mteja aambiwe hivyo ili asitegemee miujiza.

Malalamiko yangu ni mawili. Hawaambatanishi karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, ingawa wanavyo kwenye skrini. Pia TRIM, inayoiarifu SSD data ipi imefutwa, haikukaguliwa mpaka nilipouliza. Ni amri moja tu ya fsutil behavior query DisableDeleteNotify, na jibu likiwa 0 maana yake inafanya kazi.

Nililipa shilingi 30,000, bei iliyo juu kuliko ya majirani zao, lakini kwa kazi niliyoishuhudia naiona ni halali. Mwenye kompyuta iliyoanzia enzi za XP aipeleke bila wasiwasi, na abebe diski yake ya nje, kwani ya kuazima haipatikani kila siku.